Waya Mbili: Aliyeushusha Wimbo

Nyundo tuliyoiacha hewani juma lililopita bado iko hewani.

Chiriku ameishika kwa mikono miwili. Chini yake kuna kinanda cha umeme cha shemeji yake, Fundi, kile cheusi chenye vifundo vya kuzungusha, kilichowapa umaarufu tangu enzi za kaseti. Na Fundi mwenyewe amekaa kwenye kiti chake, mguu juu ya mguu, anakunywa maji.

"Piga," akasema.

"Unadhani sitapiga?"

"Nimesema piga, shemeji. Ila uondoe kwanza kitambaa cha mama."

Chiriku akatazama. Kweli. Juu ya kinanda kulikuwa na kile kitambaa cheupe kilichofumwa maua kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa mama yake Fundi. Yaani mama mkwe wake Chiriku, aliyempa binti na hakuwahi kumnyanyulia sauti mpaka Mungu alipomchukua. Mtu anaweza kuvunja mengi duniani. Lakini kumpigia mkwe nyundo?

"Kiondoe wewe," Chiriku akasema.

"Mimi sina ugomvi na kinanda."

"Kiondoe, nakwambia!"

"Mikono unayo. Weka nyundo chini, kiondoe, kikunje vizuri, halafu uinue nyundo yako tena. Mimi nasubiri. Sina safari."

Haya msomaji, niambie wewe. Hasira gani itasubiri mtu akunje kitambaa? Nyundo ikashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, ikalala sakafuni.

Hasira haikushuka.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita: wanaume hawa wawili ndio Waya Mbili. Mmoja vidole, mmoja koo. Hawakuwa na ngoma, hawakuwa na gitaa, na wimbo wao "Dirisha la Tatu" ulilia kwenye kila saluni na kila harusi. Watu walikuwa wakisubiri neno moja tu, lile "fungua", ambapo sauti ya Chiriku ilipanda mpaka glasi zikatetemeka mezani. Kisha dunia ikageukia mambo mengine. Fundi akarudi kutengeneza redio na televisheni za watu. Chiriku akawa mshereheshaji, anaimba kwenye harusi kabla ya keki kukatwa.

Mwaka huu vijana wakaufufua wimbo kwenye simu zao. Akatokea Promota, mwanamke wa miwani myeusi na simu tatu, akakodi ukumbi mkubwa kuliko yote. Jumamosi hii. Tiketi zimekwisha.

Na leo asubuhi Chiriku aliweka rekodi ya mazoezi pembeni ya rekodi ya zamani, akazipiga pamoja. Zikapigana kama paka kwenye gunia. Ndipo alipojua kwamba Fundi ameushusha wimbo chini, kila sauti nzito kuliko ya zamani, kimyakimya, bila kumwambia mwenye koo.

"Umenishushia wimbo kama mgonjwa anavyoshushiwa kitanda!" alifoka.

"Kwenye mazoezi uliimba vizuri, hukuimba vizuri?"

"Umenidanganya!"

"Nimekuuliza swali, shemeji."

Na kweli Chiriku aliimba vizuri. Alikuwa akirudi nyumbani anapiga mluzi, anajigamba kwa mkewe: "Unaona? Koo la dhahabu halishiki kutu." Kumbe dhahabu ilikuwa imesogezwa chini ili aifikie bila kuinua kisigino.

Chumba cha mazoezi kiko juu ya duka la magodoro. Mwenye duka aliwapa vipande vya sponji wakavigandisha ukutani ili kelele zisitoke. Siku hiyo sponji zilifanya kazi. Watu walikuwa chini wanabonyeza magodoro kwa viganja, wasijue kinachonguruma juu ya vichwa vyao.

"Maisha yangu yote nakufuata wewe," Chiriku alisema. "Unaanza, nafuata. Unakimbia, nakimbia. Unatembea, natembea. Wewe hujawahi kunifuata mimi hata siku moja."

"Mwimbaji hufuata kinanda. Kinanda hakina masikio."

"Na wewe je, huna?"

"Ninayo. Ndiyo maana nimeushusha."

Neno hilo lilimwingia Chiriku kama mwiba chini ya ukucha. Akacheka kicheko kibaya.

"Basi yatege hayo masikio. Nimetoka kwa Promota sasa hivi. Nimemwambia sikutaki. Jumamosi muziki utapigwa na mashine, na wimbo utakuwa juu kulekule alikouweka Mungu."

Glasi ya maji ikasimama njiani.

"Umemwambia nani?"

"Umesikia."

"Umemwambia aurudishe juu?"

"Juu kabisa."

"Naye akasemaje?"

"Alifurahi. Alinishika mkono, akasema, 'Mzee wangu, umenirahisishia kazi.'"

Fundi aliweka glasi chini. Hapo, msomaji, sentensi moja tu ingeokoa kila kitu. Ilikuwa tayari mdomoni mwake. Lakini kiburi ni kama chawa, hakichagui kichwa. Kilikuwa kwa mwenye nyundo, na kwa mwenye maji kilikuwapo pia. Fundi akaimeza sentensi yake. Akachomoa waya, akakibeba kinanda kwapani pamoja na kitambaa, akaenda mlangoni.

"Haya. Kaimbe huko juu," alisema. "Ukifika, utusalimie."

*

Nyumbani, mke wa Chiriku alikuwa anapiga pasi koti la rangi ya fedha. Ndilo koti la zamani la jukwaani. Ilibidi alifumue mbavuni na kuongeza kitambaa, maana tumbo la bwana halikungoja ufufuo.

"Nimemtimua kaka yako," Chiriku alisema akivua viatu.

Pasi ikabaki hewani, inatoa mvuke.

"Rudia."

Akarudia. Akasimulia yote kwa fahari, kuanzia paka kwenye gunia mpaka furaha ya Promota. Nyundo peke yake aliiruka. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akaisimamisha pasi wima.

"Baba watoto, wewe ni mjinga?"

"Chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga vya kutosha, leo umechoka. Yule mwanamke alikwenda dukani kwa kaka. Akamwambia, 'Mwenzako koo limekwisha. Tutapiga sauti yake ya ujana kutoka kwenye rekodi, yeye atatikisa midomo.' Kaka akamfukuza. Akiwa mlangoni akasema atafanya hivyo mtake msitake."

Chiriku akakaa.

"Ndipo kaka akaushusha wimbo," mkewe akaendelea. "Kinanda kikiwa chini na rekodi ikiwa juu, vikipigwa pamoja itakuwaje?"

Chiriku hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amewasikia wale paka asubuhi.

"Yule mwanamke asingeweza kukuwekea rekodi. Ungeimba wewe, kwa koo lako, na ungeweza. Sasa umekwenda kwa miguu yako mwenyewe kumwambia aurudishe juu. Umemshikia mwizi tochi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? 'Shemeji, umezeeka'? Si ungemchukulia nyundo?"

Chiriku akatazama soksi zake.

"Na wewe ulijua?"

"Nijue mara ngapi? Kaka aliniuliza ashushe kiasi gani, mimi ndiye niliyemwambia. Nani mwingine anakusikia bafuni kila asubuhi?"

Wapo wanawake walioolewa na mume mmoja na kazi mbili. Huyu alikuwa mmoja wao. Nyimbo zote za Waya Mbili zilipita kwenye mkoba wake. Kaka alitunga muziki, akatia kaseti humo; mume akaweka maneno, akairudisha humohumo. Wenyewe walikuwa hawawezi kukaa chumba kimoja kutunga bila kutupiana vitu. Watu walikuwa wakishangaa, wawili hawa wanaelewana vipi mpaka nyimbo zinakuwa tamu hivi? Jibu lilikuwa linapanga foleni ya samaki sokoni na kaseti mkobani.

"Nenda kamwambie kaka yako nime..." Chiriku alianza.

"Posta imefungwa," mkewe akasema. Akachomoa pasi ukutani. "Una simu, una mdomo. Au huo nao tuushushe ndipo uufikie?"

Alipiga. Simu ya Fundi ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikakatwa. Akampigia Promota.

"Nataka Fundi arudi," alisema. "Na wimbo ushuke."

"Mzee wangu! Asubuhi humtaki, jioni unamtaka? Mashine imeshapangwa."

"Mimi sitatikisa midomo. Mimi si samaki."

Promota alipozungumza tena, asali ilikuwa imekwisha kwenye chupa.

"Sikiliza. Watu hawaji kukuona wewe. Wanakuja kumwona yule kijana wa kwenye picha. Wewe ni wa kumbebea koti tu. Usipokuja, picha itakuja, sauti itakuja, na mimi nitatangaza kwamba unaumwa. Nani atakutafuta?"

Mungu humpa mtu koo, humpa na miaka, na miaka ndiyo inayokula koo. Hapo hapana aibu. Lakini kuambiwa na mtu mzima, waziwazi, kwamba kivuli chako kina thamani kuliko mwili wako! Chiriku alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa.

*

Jumamosi jioni jua lilikuwa bado linawaka wakati watu walipojaza ukumbi. Wengine walikuwa wazee wenzake waliojipaka rangi nyeusi nyweleni. Wengi walikuwa vijana. Chiriku aliingia kwa mlango wa nyuma na koti lake la fedha, mke ameshapewa kiti cha mbele.

"Usile kitu, usinywe kitu, usiongee kitu," Promota alimwambia. "Tembea, punga mkono, tikisa midomo."

"Na nikiimba?"

"Kipaza sauti chako nimekizima mpaka mwisho wa wimbo. Utakuja kusema asante."

Akaondoka, visigino vinagonga sakafu.

Chiriku akabaki peke yake nyuma ya pazia, katikati ya masanduku na waya zilizoviringwa. Ndipo akaona kitu gizani. Kitambaa cheupe chenye maua. Na chini ya kitambaa, taa ndogo nyekundu ikipenya kwenye matundu ya uzi.

Alikijua kile kinanda kuliko alivyowajua wajomba zake. Ni cha zamani, kina tabia za chungu. Ukikiwasha baridi kinadanganya, sauti inapanda inashuka inavyotaka, mpaka kipate moto ndani, na moto wenyewe unachukua saa nzima kutulia. Kama taa ile inawaka, basi kuna mtu aliyekiwasha mapema. Na mtu huyo ni mmoja tu duniani.

Akasogea. Akashika pindo la kitambaa, akakiinua, akaweka kiganja juu ya mgongo wa kinanda. Kilikuwa cha moto.

"Mshenzi wewe," alinong'ona, na macho yakamwasha. "Umekuja."

"Wewe! Zamu yako!" mtu wa mitambo alimwita.

Chiriku akageuka, akaondoka haraka. Laiti angekirudisha kitambaa mahali pake! Hakukirudisha. Taa nyekundu ikabaki wazi gizani kama jicho. Na visigino vilivyokuwa vimekwenda vikawa vinarudi.

Jina lilitangazwa. Ukumbi ukalipuka. Chiriku akatoka kwenye mwanga. Mashine ikaanza "Dirisha la Tatu", juu, juu kulekule kwa zamani, safi kama sahani mpya.

Akavuta pumzi aingie.

Sauti ikaingia. Tamu, nyororo, changa. Ila yeye alikuwa bado hajafungua mdomo.

Watu walipiga kelele za furaha. Simu zikainuliwa. Mstari wa mbele mkewe alikuwa anapiga makofi, kisha mikono yake ikasimama. Yeye alizijua sauti zote mbili, ya kijana aliyemposa na ya mzee wa bafuni. Hii haikuwa ya bafuni.

Chiriku alitikisa midomo. Ubeti wa kwanza wote aliutikisa, Mungu amsamehe. Akapunga mkono kama alivyoambiwa. Akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayemkimbia mbwa bila kutaka mbwa ajue, mpaka akafika ukingoni mwa jukwaa, kwenye kivuli. Hapo palikuwa na mtu amechuchumaa. Mkononi ameshika waya nene ya ile mashine, na chapuchapu alishachomeka upya waya ya kipaza sauti.

"Simu yangu umekata," Chiriku alisema bila kugeuza kichwa.

"Nilikuwa na kazi," Fundi akasema. "Na usijidanganye. Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya wimbo wangu."

"Wetu."

"Tutagombana baadaye. 'Fungua' inakaribia. Nivute au nisivute?"

Ubeti wa pili ulikuwa unapanda ngazi. Ukumbi wote ulikuwa unaufuata, maelfu ya midomo, wanalisubiri lile neno.

"Wakinisikia nilivyo sasa..."

"Watasikia ulivyo sasa. Ndiyo maana ya kuimba. Chagua haraka, shemeji. Wewe, au yule marehemu?"

Chiriku alimtazama mkewe. Hakuwa anapiga makofi, hakuwa analia. Alikuwa amekumbatia mkoba wake mtupu, anamtazama mumewe kama mtu anayesubiri jibu la swali aliloliuliza miaka mingi.

"Vuta."

Fundi akavuta.

Sauti ya kijana ilikatika katikati ya neno. Ukumbi ukanyamaza kama umekabwa. Kisha nyuma kabisa mtu mmoja akaanza, "Huuu!" Wa pili akadakia. Ikaja mbele kama mvua ya kwenye mabati.

"Huuuu! Wezi! Sauti ya kaseti!"

Fundi alikimbilia nyuma, akalivuta pazia, kinanda kikaonekana. Akagonga vidole vitatu kwa pamoja.

Kimya.

Taa nyekundu ilikuwa imezimwa. Waya yake ilikuwa imechomolewa ukutani na kutupwa sakafuni, na kitambaa cha mama kilikuwa chini, kina alama ya kisigino.

Fundi akachomeka. Taa ikawaka. Akagonga tena. Sauti ikatoka imepinda, inapanda yenyewe kama mlevi anayetafuta kitanda.

"Kimepoa!" alisema. Kwa mara ya kwanza maishani, Chiriku aliisikia hofu kwenye sauti ya shemeji yake. "Nilikiacha kinawaka! Nilikifunika! Nani amekifunua?"

Chiriku alikitazama kitambaa kilichokanyagwa. Kule mlangoni Promota alikuwa ameinua miwani kichwani, anawaonyesha jukwaa mabaunsa wawili. Nao wakaanza kuja, wanawasukuma watu pembeni kwa mabega.

"Nipe sauti nianze," Chiriku alisema.

"Sina ya kukupa! Hujasikia? Kinadanganya. Nikikuongoza na hiki nitakupeleka shimoni."

"Huuuu!"

"Basi tufanyeje?"

Fundi aliweka mkono wa kushoto kwenye kifundo cha kurekebishia sauti, tayari kukizungusha. Wa kulia akauweka juu ya vibao, haujagusa. Uso ulikuwa umemkunjamana kama wa mtu anayemeza kwinini bila maji. Maneno aliyoyatoa yalimuuma kuliko nyundo.

"Anza wewe," alisema. "Mimi nitakufuata."

Baunsa wa kwanza aliweka mguu kwenye ngazi ya jukwaa.

Chiriku, ambaye hajawahi kuanza wimbo bila kusubiri kidole cha mtu, akageukia ule ukumbi unaomzomea. Akafumba macho. Akashuka ndani ya koo lake mwenyewe, chini, akipapasa mahali shemeji yake alipomwekea wimbo, na kitu pekee alichokisikia nyuma yake kilikuwa pumzi ya Fundi, imesimama, inamngoja yeye.

Akafungua mdomo.